Mkono wa Dobi na Mayai Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mtu wa kwanza mtaa huu kutotoa vifaranga bila kuku. Kumi na wawili, wazima wote, na manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu.

Sawa. Bado sijawatotoa. Mayai yenyewe hayajafika. Ila nimeshayaagiza kwa posta, na mtu akishaagiza kitu kwa posta kazi kubwa ameimaliza. Iliyobaki ni ya yai.

Chanzo cha yote haya ni shemeji. Mdogo wake mke wangu, mpiga tarumbeta wa kwenye harusi, mashavu kama mikate miwili. Anapopanga panavuja, na sasa amekitolea macho chumba changu cha pasi. Miaka arobaini nimenyoosha nguo za mtaa mzima ndani ya chumba kile. Nimestaafu, ndiyo. Pasi zimepoa. Lakini meza ipo, tenga la nguo lipo, na kuta bado zinanuka sabuni na mvuke. Nikikaa mle ndani bado ni mtu. Nikikaa sebuleni ni mzee tu anayezuia njia ya ufagio.

Mke wangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Namwita Mwalimu, hata tukiwa wawili. Leo amesema chumba kisicho na kazi hutafutiwa mwenye kazi. Nikamwambia kina kazi, nimefungua kituo cha kutotolea kuku. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana. Hakubishana. Akaangua kalenda ukutani.

Hukumu yake ni hii: siku ishirini na moja tangu mayai yaingie kwenye mashine. Kifaranga kikilia, chumba ni changu mpaka nife. Kisipolia, shemeji anahamia na kitanda chake na tarumbeta lake.

Nikakubali papo hapo. Siku ishirini na moja ni nyingi. Mimi nilimposa yeye kwa siku nne.

Jumatano, 5 Machi

Mayai yamefika posta. Katoni imeandikwa VINAVUNJIKA pande zote nne. Karani ni mwanamke mwembamba mwenye mhuri mzito. Akasoma lile neno kwa sauti, kisha akagonga mhuri. Akatazama, akasema wino haukushika, akagonga tena. Nikamwambia mama, humo ndani mna watoto. Mkono ukabaki juu. Akauliza watoto wa nani. Nikasema wa kuku. Akagonga mara ya tatu.

Mawili yamepasuka. Yamebaki kumi. Kumi ni namba nzuri, haina makombo.

Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo, pande mbili, herufi kama sisimizi. Nimesoma kichwa cha habari. Mengine nimeyakisia.

Narudi nyumbani nakuta shemeji yumo chumbani kwangu na utepe wa kupimia. Eti anaona kitanda kitakaaje. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kumhurumia mtu, kwamba mambo ya mayai niwaachie wenyewe, hata kuku wake sasa hivi anaatamia. Nikamwuliza anaatamia mangapi. Akasema shemeji, acha hizo.

Mwalimu ndiye aliyenieleza. Kuku wa shemeji hana jogoo. Anaatamia kishikio cha mlango.

Nimekwenda kwa shemeji kukiona kwa macho yangu. Kweli. Kishikio cha kauri, cheupe, cha mviringo. Tena nimekitambua. Ni cha mlango wa chumba changu cha pasi, kilichopotea mwaka juzi. Shemeji anasema alikiokota. Nimenyoosha mkono nikichukue, kuku amenidonoa. Mwenyewe amesimama pembeni anacheka mpaka kifungo cha tumbo kimefunguka.

Alhamisi, 6 Machi

Mashine tayari. Sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, balbu ya wati sitini, taulo chini, kisahani cha maji pembeni, na kifuniko ni ubao wa meza ya pasi. Nimepanga mayai kumi. Upande mmoja wa kila yai nimechora msalaba, upande wa pili duara, ili nijue lipi nimeligeuza. Hilo lilikuwemo kwenye karatasi, karibu na kichwa cha habari.

Karatasi inataka pia kipimajoto. Hapo nimecheka. Kipimajoto ni cha watu ambao hawakufanya kazi. Mkono huu umejua joto la pasi miaka arobaini. Niwekee pasi mbele yangu, niisogelee kiganja, nitakwambia hii ni ya pamba, hii ya hariri, hii itaunguza kola ya mtu. Nimeingiza mkono ndani ya sanduku. Uvuguvugu mtamu kabisa. Kama kumshika mtoto tumboni.

Mwalimu ameandika kwenye kalenda: yameingia. Tarehe 27 ameizungushia duara.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Asubuhi Mwalimu kaja kuangalia. Kainamisha uso kwenye sanduku, kauinua upesi, machozi yanamtoka. Akauliza napika nini. Nikasema sipiki, natotoa. Akaenda kwenye droo ya dawa, akarudi na kipimajoto cha homa, akakilaza kati ya mayai. Zebaki ilikimbia mpaka mwisho wa kioo, ikakosa pa kwenda. Akasema mgonjwa mwenye homa hii angekuwa ameshazikwa na watu wamesharudi kula.

Kisha akanitaka nimpe mkono. Akaugeuza huku na huku, kama daftari la mtoto mchafu. Akatoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akasema atanichoma kiganjani. Nikamwuliza ataanza lini. Alikuwa ameshamaliza.

Basi ndivyo. Ngozi ya kiganja changu imekufa kwa pasi. Ninachokiita uvuguvugu ni jiko.

Mayai manne yaliyokuwa chini ya balbu yameiva. Kiini kimekaza vizuri sana. Nimeyala na chumvi. Si ya kutupwa, na ukweli hakuna aliyewahi kupika yai kwa balbu mtaa huu. Yamebaki sita, yale ya pembeni. Balbu nimeipandisha juu. Kipimajoto nimekiacha ndani, kwa ajili ya ndoa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimemulika mayai. Nimeziba dirisha kwa blanketi, nimeviringisha gazeti, tochi upande mmoja, yai upande mwingine.

Yai la kwanza. Nyuzi nyekundu, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, zimetapakaa kutoka doa moja. Na doa linacheza.

Nimemwita Mwalimu. Nilitaka kumtambia, nikamshikia tochi. Akaangalia kwa muda mrefu. Huyu ni mwanamke aliyesahihisha hata barua yangu ya uchumba. Leo hakusahihisha kitu. Akasema tu, lina moyo. Akaniwekea mkono begani, akausahau pale.

Matano yana moyo. La sita jeupe tupu. Nimelikaanga.

Jumapili, 16 Machi

Lori la matofali limeangusha nguzo ya umeme kona ya mtaa. Saa mbili asubuhi balbu imezimika. Fundi wa umeme kaja, kaitazama nguzo, kaitazama tena, akasema Jumanne. Nikamwambia nina watoto watano kwenye mashine. Akanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Saa tatu. Nimewasha pasi ya mkaa, ile kuu, mama yao, nikaiweka karibu na sanduku. Taulo limeanza kutoa moshi. Nimeitoa.

Saa nne. Chupa za maji ya moto. Zinapoa kabla sijamaliza kuzipanga.

Saa tano. Nimeyatia mayai ndani ya kofia, kofia kichwani, nikakaa juani. Yai moja likataka kuteremka. Mwalimu akapita na ndoo, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Saa sita. Nikawaza. Kitu gani kina joto lisilohitaji nguzo? Nikawaza shemeji leo ana harusi, anapuliza mpaka jioni. Nikawaza kile kishikio cha mlango.

Nimechukua tenga la nguo na shuka nyeupe. Miaka arobaini nimepita mitaa hii na tenga begani, na hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini ndani. Dobi ni kama upepo. Nimeingia kwa shemeji kwa mlango wa uani, nimemfunika kuku kwa shuka, yeye na kishikio chake maana hakukubali kukiachia, nimetoka kwa mwendo wa kazi.

Kona ya duka la vitambaa mshonaji akaniona. Akashangilia, eti dobi amerudi kazini. Akakimbia ndani, akatoka na mapazia sita, akayabwaga juu ya tenga. Tenga likasema kwaa. Nikakohoa. Akasema hicho kifua nikiangalie.

Kuku amepanda kwenye mashine bila kuonyeshwa njia. Amekaa juu ya mayai matano na kishikio kimoja, akajitanua, akafumba macho. Nimepima. Kipimajoto kinasema sawasawa, bila kuzidi hata nywele.

Niseme wazi kwenye daftari hili, maana ni langu na halisomwi na mtu: huyu si kuku anayetotoa. Ni kipuri cha mashine.

Jumatatu, 17 Machi

Shemeji kaja asubuhi na mapema, macho mekundu. Kuku wake kaibiwa. Nikakaa chini kwa mshtuko. Nikamwambia dunia imeharibika, shemeji, mtu anaiba mpaka mama anayeatamia. Akasema ndiyo hivyo, shemeji, na kishikio wamechukua. Nikasema watu hawana haya.

Nikatoka naye kumtafuta. Tumepita mitaa minne. Mimi ndiye niliyekuwa naita kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha mtihani. Shemeji akasema kuku yule analijua tarumbeta, ndilo alilokuwa akimwitia chakula tangu akiwa kifaranga. Akalitoa chini ya koti, akasimama mbele ya nyumba yangu, akapuliza. Na kutoka kwenye chumba cha pasi, ndani ya sanduku la sabuni, sauti ikajibu.

Nikaanza kuimba. Sijui wimbo gani, nilioanza ndio niliomaliza nao. Nikaimba na kupiga makofi na kumsukuma shemeji kuelekea barabarani. Akaniuliza naimba nini na yeye ana msiba. Nikamwambia namsindikiza.

Mwalimu alikuwa dirishani. Wakati wa chakula aliniuliza mashine inaendeleaje bila umeme. Nikasema inavuma yenyewe. Akasema ngoma ikivuma sana. Hakumalizia. Akaniongeza mchuzi.

Ijumaa, 21 Machi

Umeme umerudi tangu Jumanne. Nimewasha balbu, lakini kipuri kimekataa kutoka. Kila nikinyoosha mkono kinadonoa. Bahati nzuri sisikii kitu. Hapo ndipo mkono wa dobi unapoonyesha faida yake.

Kuna jambo silielewi. Mimi nampa kuku mkate uliolowekwa. Leo nimekuta punje za mahindi ndani ya sanduku. Jana pia. Na maji yamebadilishwa. Nimefikiri sana. Labda alikuja nayo.

Mapazia ya mshonaji nimeyafua mara tatu. Doa la kuku halitoki. Nimemwambia ni ua. Amesema hakumbuki mapazia yenye ua. Nikamwambia yalikuwa machafu, usingeliona.

Shemeji hajapuliza tarumbeta siku nne. Amekataa harusi mbili. Jana amekaa uani kwetu, mashavu yamelala, anachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. Nilitaka kumwambia. Nikawaza kitanda chake kikiwa pale ilipo meza yangu. Nikampa chai.

Jumatano, 26 Machi

Nimelaza sikio kwenye sanduku. Ndani ya yai kuna mtu anagonga. Tiki, tiki, kisha anapumzika, kama fundi anayelipwa kwa siku.

Kuku anaongea nao kwa chini chini. Sijui anawaambia nini. Nadhani anawapa taarifa zangu.

Mpango wa kesho uko hivi. Shemeji anakuja saa nne. Saa tatu na nusu namtoa kuku kwa shuka, namtia kwenye tenga, tenga chini ya meza. Vifaranga wanabaki peke yao chini ya balbu, mashine safi, dobi mshindi. Hakuna pa kuharibikia.

Alhamisi, 27 Machi

Shemeji kafika saa tatu.

Kaja na mkokoteni, kitanda cha chuma juu yake kimefunguliwa vipande. Hakuwa na furaha ya mshindi. Akasema shemeji, sikuja kukufukuza, nimekuja kwa sababu jana imenivujia mpaka kwenye viatu. Nikamwambia muda haujafika, akale kwanza. Akasema hana hamu.

Mwalimu akaingia na kalenda, akakalia kigoda changu cha kazi. Akaniambia nifungue. Nikasema mashine ikifunguliwa unyevu unatoka, imo kwenye karatasi. Akasema amefurahi kusikia kwamba nimesoma karatasi. Tukatazamana. Na wakati tunatazamana, ndani ya sanduku pakalia. Sauti nyembamba, ya kudai haki. Ikafuata ya pili.

Nikaruka juu. Nikasema mmesikia, kifaranga kalia, chumba changu, kalenda shahidi. Nikamshika shemeji mkono nimpe pole.

Pakalia tena ndani. Safari hii si nyembamba. Kwaa.

Mwalimu akauliza mashine yangu ina umri gani, mbona imevunja sauti mapema hivyo. Akanyanyua kifuniko mwenyewe.

Kuku akasimama. Akajipukuta. Chini yake vifaranga watatu, wamelowa, wana manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu kama nilivyotabiri, mayai mawili kimya, na kishikio cha mlango. Akatoka na watoto wake kwa mwendo wa bibi harusi, akampita mwenye mashine, akaenda kusimama juu ya viatu vya shemeji.

Shemeji alipiga magoti. Mtu mzima, na suruali nzuri. Akasema tu, ulikuwa wapi wewe. Alikuwa anamwuliza kuku. Kisha akaniinulia macho, nami nikasema alikuja mwenyewe. Hata mimi niliona kwamba hilo halikukaa vizuri.

Tukabishana kidogo. Yeye akasema vifaranga ni wake, mama ni wake. Mimi nikasema mayai yana mhuri wa posta, tena mara tatu. Akaniita mwizi wa mchana. Nikamwita mwizi wa vishikio. Mwalimu akagonga kalenda mezani, tukanyamaza wote wawili, maana sauti ile inakurudisha darasa la tatu hata kama hukulimaliza.

Akatoa hukumu. Kifaranga kimelia kabla ya saa, kwa hiyo chumba si cha shemeji. Kimetotolewa na kuku, kwa hiyo chumba si changu. Anayefanya kazi humu kwa siku kumi na moja zilizopita anajulikana. Chumba ni cha kuku.

Asubuhi shemeji atafagia. Jioni nitafagia mimi. Na Jumamosi nitapanda juu ya bati la shemeji kuziba linapovuja, kwa sababu, amesema, mtu asiyehisi moto kiganjani ndiye anayefaa bati la saa saba mchana.

Kisha akatoa bisibisi mfukoni mwa gauni. Alikuja nayo. Akakichukua kishikio, akakifunga mlangoni mahali pake. Kwa nje.

Jumapili, 30 Machi

Jana nimeshinda juu ya bati. Kiganja hakikusikia kitu, makalio yamesikia yote. Shemeji alinishikia ngazi na kunipigia tarumbeta ili nisisinzie. Halivuji tena. Akasema asante, shemeji. Nikasema usijali, shemeji. Kuku alikuwa chini ameninyanyulia jicho moja.

Leo nimerudi kurasa za nyuma za daftari hili kuhesabu siku. Nimekuta wino mwekundu.

Kila ukurasa. Mikato imeongezwa. Pale nilipoandika kwamba nilimposa kwa siku nne, pembeni pameandikwa: tisa, na ulilia. Pale pa kipuri cha mashine kuna mstari chini na alama ya kuuliza. Tarehe 17, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: kuku hali mkate, nimempa mahindi. Na mwisho wa ukurasa wa Alhamisi: nne kwa kumi, anaweza kufanya vizuri akisoma maelezo.

Basi Mwalimu, kwa kuwa unasoma, tuzungumze.

Nilipokuwa juu ya bati nilipata muda wa kufikiri. Kosa sasa ninalijua. Kosa lilikuwa kuku. Yai la kuku ni dogo, halina nguvu, linaiva upesi. Nimeagiza ya bata mzinga, ishirini na manne, yanafika posta wiki ijayo. Yanataka siku ishirini na nane na mkono wa mtu mzoefu. Sanduku nitaliweka chini ya kitanda, hutalisikia.

Unakumbuka mwaka ule mkaguzi wa shule alipokuja bila taarifa, gauni lako la pekee limelowa kwenye kamba? Nililikausha kwa pasi, kola na mikono na marinda yote, kabla birika halijachemka. Ukaniambia una deni langu la fadhila, nitaje siku yoyote. Sijataja miaka thelathini na moja. Nataja leo.

Balbu yangu ya wati sitini imo kwenye droo yako, nyuma ya boksi la chaki. Nimeiona. Iache hapa juu ya ukurasa huu, mimi nitageuka ukutani.

Kipimajoto kaa nacho. Sikihitaji.